Kifua kikuu: Jinsi jeni za bakteria zinavyozimwa ili siri ya ugonjwa ifichuke

Mkazi wa Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili hushauriwa kupeleka makohozi yake kwenye kituo cha afya. Makohozi hayo yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert, jibu hupatikana kwa muda usiozidi saa mbili. Mashine hueleza mambo mawili: kama bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa Kirundi huitwa igituntu, wamo au hawamo, na kama bakteria hao wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu.

Kuna swali la tatu ambalo mashine hiyo haikuundwa kulijibu. Ni kitu gani ndani ya bakteria huyo kinachomwezesha kuishi katika seli za kinga ambazo kazi yake ni kumuua, kuyala mapafu taratibu, au kulala kimya kwa miaka mingi kisha kuamka? Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023, na milioni 1.25 walifariki dunia. Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, ilhali kati ya 5 na 10 tu katika kila 100 ndio wanaougua maishani mwao. Tofauti hiyo hutokana kwa sehemu na mwili wa mtu na hali ya maisha yake. Sehemu nyingine imeandikwa katika jeni za bakteria mwenyewe, na hiyo ndiyo inayochunguzwa kwa vifaa vinavyoelezwa hapa.

Herufi 81 na mipaka yake

Ni vyema kuanza na kile ambacho tayari kipo vituoni. GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwezi Desemba 2010, haisomi jeni zote za bakteria. Huangalia kipande kifupi cha jeni iitwayo rpoB, kipande chenye herufi 81 za DNA. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kunakili maagizo ya jeni zake. Rifampisini hujibanza kwenye kimeng'enya hicho na kukizuia kufanya kazi. Herufi moja ikibadilika mahali fulani, dawa hukosa pa kushika, na bakteria huendelea kuzaliana kana kwamba mgonjwa hakumeza kitu.

Njia hiyo ina upofu wake. Nchini Eswatini, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikusanya bakteria sugu kwa dawa nyingi, na baadaye ikabainika kwamba takriban asilimia 30 kati yao walikuwa na badiliko lililo nje kidogo ya herufi hizo 81. Mashine iliwaona kama bakteria wa kawaida. Wagonjwa waliobeba bakteria wa aina hiyo wangeweza kupewa dawa isiyofaa huku karatasi ya maabara ikisema kila kitu ni shwari. Ndiyo maana maabara za rejea zinazidi kutafuta uwezo wa kusoma jenomu nzima badala ya kuchungulia dirisha moja.

Kwa Burundi, jibu la usugu hubadilisha maisha ya mgonjwa kwa kiasi kikubwa. Kituo cha Kibumbu, katika milima ya eneo la Mwaro, ndicho kinachojulikana nchini kwa kuwapokea wenye kifua kikuu sugu. Zamani matibabu ya aina hiyo yalichukua miezi 20 au zaidi. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi tisa za Afrika, pamoja na Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilizojaribu matibabu ya miezi tisa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalihusu wagonjwa 1,006, na asilimia 81.6 kati yao walimaliza matibabu kwa mafanikio.

Bakteria aliyekataa kuingiliwa

Robert Koch alitangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amempata mdudu anayesababisha kifua kikuu. Ushahidi wake ulikuwa wa ngazi ya kiumbe kizima: alimtoa bakteria kwa mgonjwa, akamkuza, akamwingiza kwa mnyama, mnyama akaugua. Mwaka 1988, mtaalamu wa Marekani Stanley Falkow aliihamishia mantiki hiyo kwenye jeni. Kwa maelezo yake, ili jeni ithibitishwe kuwa inahusika na ugonjwa, lazima iharibiwe na makali ya bakteria yapungue; kisha irudishwe, na makali yarudi. Hatua hiyo ya pili husahaulika kwa urahisi, lakini ndiyo inayotenganisha ushahidi na bahati. Bakteria aliyedhoofika huenda amepoteza kitu kingine kabisa wakati wa kuchokonolewa.

Kanuni ilikuwa wazi. Utekelezaji kwa bakteria wa kifua kikuu ulikuwa na vikwazo. Ngozi yake imejaa nta na mafuta, na DNA kutoka nje haipenyi kwa urahisi. Aidha, ni mvivu wa kuzaliana. Bakteria wa utumbo aitwaye E. coli, anayetumika katika maabara nyingi, hujigawanya kila baada ya dakika 20 akiwa na chakula cha kutosha; wa kifua kikuu huhitaji saa 18 hadi 24. Mtafiti anayefanya kazi na E. coli huona matokeo yake asubuhi inayofuata. Wa kifua kikuu husubiri wiki tatu au nne ili aone doa la bakteria kwenye sahani, na akikosea huanza upya. Kazi yote hufanyika katika maabara yenye ulinzi wa hali ya juu, ambamo hewa huvutwa kuingia ndani na kuchujwa kabla ya kutoka.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1987 na William Jacobs na wenzake katika Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, mjini New York. Walitumia faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao na visivyomdhuru binadamu. Faji zina ustadi wa kutoboa ngozi ya bakteria na kumwaga DNA ndani yake. Kundi hilo lilichukua faji iitwayo TM4 na kuiunganisha na kipande cha DNA kinachoweza kuishi ndani ya E. coli. Chombo kilichopatikana kilikuwa na sura mbili: katika E. coli, anayekua haraka, kilitunzwa na kufanyiwa marekebisho. Katika bakteria wa jamii ya kifua kikuu, kiligeuka faji tena na kupenya. Kazi ndefu ilifanywa kwa bakteria mwepesi, na mkaidi akaachiwa hatua ya mwisho tu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1990, alipatikana pia ndugu asiye na madhara makubwa, M. smegmatis wa aina inayoitwa mc²155, anayekubali DNA ya nje kwa wepesi. Tangu hapo amekuwa uwanja wa mazoezi wa karibu kila maabara inayoshughulika na ugonjwa huu.

Chanjo iliyodhoofika bila kueleweka

Hakuna mfano unaoonyesha thamani ya vifaa hivi kama ule wa chanjo ya BCG, ambayo watoto wa Burundi na wa nchi jirani hupewa wakingali wachanga. Albert Calmette na Camille Guérin, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, walianza mwaka 1908 kumkuza bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyolowekwa gliserini na nyongo. Kila baada ya wiki chache walimhamishia kwenye viazi vipya. Walifanya hivyo mara 230, kwa miaka 13, wakipita katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza na mji wao ukiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Mwisho wake bakteria alikuwa amepoteza makali. Mwaka 1921 alipewa mtoto kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amepoteza nini hasa? Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyejua. Mamilioni ya watoto walichanjwa kwa kiumbe kilichodhoofika kwa sababu isiyofahamika, jambo ambalo leo lisingepita hata hatua ya kwanza ya ukaguzi. Katika miaka ya 1990, watafiti walipolinganisha DNA ya BCG na ya bakteria wakali, waligundua vipande kadhaa vilivyokosekana. Kimoja, kilichopewa jina RD1, kilikosekana katika aina zote za BCG na kilikuwepo katika bakteria wanaougua nao watu na ng'ombe.

Hapo kanuni ya Falkow ikatumika pande zote mbili. Mwaka 2002, kundi la Taasisi ya Pasteur, Paris, liliirudisha RD1 ndani ya BCG, na bakteria wa chanjo akapata tena sehemu ya ukali wake kwa panya wasio na kinga. Wengine waliiondoa RD1 kutoka kwa bakteria mkali wa kifua kikuu, naye akadhoofika. Ilibainika kwamba jeni hizo huunda mtambo mdogo wa kusukuma protini nje, uitwao ESX-1. Bakteria anapomezwa na seli mlaji ya kinga, hufungiwa ndani ya kifuko ili asagwe. Kwa mtambo huo, hukitoboa kifuko chake na kuvuruga amri zinazotoka ndani ya seli. Seli hufa, bakteria huhamia kwa nyingine, na kidonda katika pafu hupanuka.

Ugunduzi huo ulileta faida nyingine. Protini mbili zinazotoka katika eneo hilo la RD1, ESAT-6 na CFP-10, hazimo katika BCG. Hivyo hutumika katika vipimo vya damu vinavyoweza kumtofautisha mtu aliyeambukizwa kweli na yule aliyechanjwa tu, jambo ambalo kipimo cha zamani cha kuchoma ngozi ya mkono hushindwa mara kwa mara.

Kusoma kitabu kizima, kisha kufuta neno moja moja

Mwaka 1998, kundi lililoongozwa na Stewart Cole lilichapisha mfuatano kamili wa jenomu ya bakteria aitwaye H37Rv: herufi zaidi ya milioni 4.4 na jeni takriban 4,000. Bakteria huyo ana historia ndefu. Alitolewa kwa mgonjwa mwaka 1905 katika hospitali ya wenye kifua kikuu kule Saranac Lake, Marekani. Baadaye uzao wake uligawanyika maabarani kuwa ndugu wawili wa tumbo moja, H37Rv mkali na H37Ra mpole. Kwa miongo mingi wataalamu walikuwa na wote wawili mezani bila kujua kinachowatofautisha. Jenomu zilipolinganishwa, miongoni mwa tofauti zilizopatikana ilikuwa herufi moja katika jeni phoP, ambayo ni kama msimamizi: huamuru jeni nyingine nyingi ziwake au zizimike, na bila amri yake mtambo wa ESX-1 hautoi ESAT-6 ipasavyo.

Kuwa na kitabu si kukielewa. Ili kujua kazi ya kila jeni, watafiti hutumia transposoni, vipande vya DNA vinavyojichomeka popote katika jenomu na kuvunja jeni vinapotua. Faji huvibeba hadi ndani ya bakteria, na hupatikana kundi la makumi ya maelfu ya bakteria, kila mmoja akiwa ameharibiwa mahali tofauti. Kundi zima huingizwa katika panya. Baada ya wiki kadhaa bakteria hutolewa katika viungo vya panya, na DNA yao husomwa ili kuona ni nani hayupo. Aliyetoweka ndiye aliyevunjiwa jeni ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo ndani ya mnyama. Ni mfano wa mwalimu anayetambua mambo kwa kuita majina ya wasiokuwepo darasani.

Kwa njia hiyo Christopher Sassetti na Eric Rubin walionyesha mwaka 2003 kwamba jeni 194 huhitajika hasa wakati wa maambukizi katika panya. Wengi walikuwa wametarajia orodha ya silaha, sumu kama zile za kipindupindu au pepopunda. Badala yake, sehemu kubwa ya jeni hizo zilihusu chakula, ukarabati wa ngozi na uvumilivu. Kundi moja la jeni, mce4, lilionekana mwaka 2008 kuwa pampu ya kuingiza kolesteroli: bakteria hula mafuta ya seli aliyojificha ndani yake. Miaka minane kabla ya hapo ilikuwa imeonyeshwa kwamba bakteria aliyenyimwa kimeng'enya cha kutumia asidi za mafuta huanza maambukizi kama kawaida, lakini hashindi kubaki katika mapafu ya panya mwenye kinga kamili. Kwa maneno mengine, bakteria huyu hasababishi maafa kwa sumu kali. Huhamia nyumba ya mtu, hula akiba yake na kukataa kuondoka, na sehemu ya uharibifu wa pafu hufanywa na kinga ya mwenye nyumba ikijaribu kumfukuza.

Transposoni ina kasoro moja kubwa. Jeni ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo hata kwa siku moja haichunguziki, kwani akivunjwa hapo hufa kabla ya jaribio kuanza. Na hizo ndizo jeni zinazovutia zaidi watengenezaji wa dawa. Mwaka 2017 ulichapishwa mfumo wa CRISPR uliorekebishwa kwa ajili ya bakteria huyu. Protini yake haikati DNA, bali huikalia tu na kuzuia jeni isisomwe, na mtafiti huweza kuwasha kizuizi hicho wakati anaoutaka kwa kuongeza kemikali kwenye chakula cha bakteria. Jeni hupunguzwa nguvu kidogo au sana, mapema au baadaye, kama taa yenye kitufe cha kupunguzia mwanga. Ikiwa kupunguza jeni kwa kiasi kidogo tu kunamuua bakteria, hapo kuna shabaha nzuri ya dawa; ikiwa lazima izimwe kabisa, kampuni ya dawa itafanya vyema kutafuta kwingine.

Maziwa Makuu katika ramani ya koo

Sayansi hii haikufanyika ughaibuni peke yake. Mwaka 1996, watafiti wa Ubelgiji na Burundi walichapisha utafiti uliolinganisha bakteria waliotoka kwa wanyama na waliotoka kwa wagonjwa nchini Burundi. Walikata DNA kwa vimeng'enya na kulinganisha mpangilio wa vipande, mbinu iliyokuwa ya kisasa wakati huo. Swali lao lilikuwa na uzito kwa nchi ya wafugaji: bakteria wa ng'ombe na wa binadamu wanafanana mno chini ya darubini, na maziwa yasiyochemshwa ni njia inayojulikana ya kumwambukiza mtu kifua kikuu cha ng'ombe. Bakteria huyo kwa asili hana usikivu kwa pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, kwa hiyo kumtambua si suala la kitaaluma tu.

Tangu hapo usomaji wa jenomu umeonyesha kwamba bakteria wa kifua kikuu wamegawanyika katika koo, kila moja na mazingira yake. Mwaka 2020, kundi la watafiti likiongozwa na Jean Claude Semuto Ngabonziza wa Rwanda lilitangaza ukoo mpya, wa nane, kutokana na bakteria wawili tu, mmoja wa Rwanda na mwingine wa Uganda, wote sugu kwa rifampisini. Ukoo huo ulijitenga na mti wa familia mapema kuliko zote zilizokuwa zikijulikana. Bado una jeni cobF, inayohusika na utengenezaji wa vitamini B12, ambayo koo nyingine zote za kifua kikuu zimeipoteza. Mwaka uliofuata ukoo wa tisa ulielezwa, kutokana na bakteria wa Pembe ya Afrika. Kwa wanaoamini kwamba ugonjwa huu ulizaliwa Afrika Mashariki na kusafiri na watu, ushahidi umeongezeka uzito.

Kwa nini jeni iliyopotea izungumziwe sana? Kwa sababu bakteria anayejifunza kuishi ndani ya mtu pekee huacha kubeba mizigo ambayo mwenyeji wake humpatia. Kama kupotea kwa cobF kulichangia bakteria kuwa mkazi wa kudumu wa mwili wa binadamu, ni dhana inayoweza kupimwa kwa vifaa vilevile: irudishwe jeni, na itazamwe.

Jeni mbili zilizoondolewa kwa makusudi

Kazi ya kuzima jeni imeanza kurudi kwenye mkono wa mtoto. Chanjo ya majaribio MTBVAC, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Zaragoza, Hispania, hutokana na bakteria wa binadamu badala ya ng'ombe. Ameondolewa jeni mbili zinazojulikana kwa majina: phoP, yule msimamizi aliyetajwa hapo juu, na fadD26, inayohitajika kutengeneza mafuta ya ngozi ambayo tafiti mbili za mwaka 1999 zilionyesha kwamba bakteria hawezi kustawi katika mapafu ya panya bila hayo. Eneo la RD1, lililokosekana katika BCG, bado limo, hivyo kinga ya mtoto hupata nafasi ya kukiona kile ambacho itakutana nacho baadaye.

Jaribio la awamu ya tatu kwa watoto wachanga lilianza mwaka 2022, likilinganisha MTBVAC na BCG katika Afrika Kusini, Madagascar na Senegal. Limepangwa kuhusisha takriban watoto 7,000, ambao hufuatiliwa kwa miaka kadhaa kwa kuwa kifua kikuu cha utotoni hakijitokezi kwa wiki moja. Wakati huohuo, mtoto anayezaliwa Kinindo hupewa BCG ileile iliyoanzia katika viazi vya Lille, na mtu mzima wa nyumba hiyo anayekohoa bado hupimwa kwanza kwa herufi 81.